Si Dhambi, Sawa. Halafu?



Wiki mbili zilizopita, tulipomaliza kipindi cha maswali kwenye kundi letu la vijana, dada mmoja alinitumia ujumbe pembeni: "Frateri, hivi kumlipia mbwa daktari wakati kuna watu wanalala njaa ni dhambi?" Nikaanza kumjibu. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Najua alikuwa anaona kwamba naandika, akajiuliza huyu Frateri vipi. Ukweli ni kwamba swali hilo nilishawahi kulijibu, haraka haraka, mbele ya bibi mmoja wa miaka 84. Jibu langu lilikuwa sahihi, na mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Basi dada yangu, swali lako limegeuka makala. Samahani kwa kuchelewa, na samahani kwa urefu.

Nilipomaliza digrii ya falsafa nyumbani, askofu alinituma Marekani kwa masomo ya taalimungu, na kiangazi kilichopita nilipangiwa kufanya uchungaji katika parokia moja ya mji wa Tucson, Arizona. Ni mji wa jangwani, si mbali na mpaka wa Mexico. Mwezi Juni joto linapita nyuzi 40, na watu wenye akili wanamaliza shughuli zao alfajiri kama wakulima wa kwetu. Ukatoliki kule ni wa siku nyingi: nje kidogo ya mji kuna misioni ya San Xavier ambayo Padre Eusebio Kino, Mjesuiti, aliianzisha mwaka 1692. Waamini wengi wa parokia ile wana asili ya Mexico, na mabenchi mawili matatu ya nyuma wanakaa Wakongo na Warundi. Siku mama mmoja aliponisalimia kwa Kiswahili mlangoni pa kanisa nilitokwa machozi, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Kila Alhamisi kazi yangu ilikuwa kuwapelekea Komunyo wazee na wagonjwa. Nyumba ya tatu kwenye orodha ilikuwa ya bibi huyu, mjane. Wengi wetu tukisikia Marekani tunawaza maghorofa. Hii ilikuwa nyumba ya trela: ndefu, nyembamba, ya mabati, imewekwa kwenye kiwanja cha kukodi na imebanana na wenzake kama mabasi stendi. Ukifungua mlango uko jikoni. Ukipiga hatua sita uko chumbani. Siku ya kwanza nilitandaza kitambaa mezani, nikawasha mshumaa, na nilipopiga goti nikaona chini ya meza, ndani ya boksi, kitu nilichodhani ni jiwe. Jiwe likatoa shingo likanitazama.

Anaitwa Pancho. Kwa Kihispania Pancho ni kifupi cha Francisco, kwa hiyo kila Alhamisi nilikuwa nasali mbele ya wajina wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Marehemu mume wa bibi alikuwa mjenzi wa barabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alimkuta kobe huyu kando ya kazi yao, saizi ya ngumi, akamleta nyumbani ndani ya kofia ili watoto wacheze naye. Siku zile hakuna aliyeona ubaya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jimbo la Arizona (jimbo la serikali, siyo la askofu) likapiga marufuku kuwachukua kobe hawa porini, lakini Pancho tayari alikuwa mtu wa mjini. Watoto wakakua wakaondoka. Mume akafariki. Nyumba yenye uwanja mkubwa ikauzwa. Kobe wa jangwani huishi miaka 50, hata 80. Kila kitu kikaondoka, Pancho akabaki.

Naomba nieleze kidogo maisha yao, maana bila hayo mtadhani nazungumzia kitu cha kuchezea. Kobe wa jangwani porini hutumia sehemu kubwa kabisa ya maisha yake ndani ya shimo alilochimba mwenyewe, akikwepa jua la kiangazi na baridi ya Desemba. Kuanzia Oktoba au Novemba hulala mpaka majira ya kuchipua, hali, hanywi. Mvua za Julai zikija anatoka, anakunywa kwenye madimbwi, na anatunza maji kwenye kibofu chake yamvushe miezi ya ukame. Yaani kibofu cha kobe ni tangi la akiba. Ukimnyanyua vibaya akashtuka, anamwaga akiba yote, na porini kosa hilo linaweza kumwua.

Sasa, Pancho amezeeka. Miguu ya nyuma imelegea. Jicho moja lina ukungu. Akijipindua chali hawezi kujigeuza, na kobe aliyelala chali juani haichukui muda. Daktari wa wanyama alimkataza kulala usingizi wa baridi, kwa sababu mgonjwa akilala hivyo anaweza asiamke. Kwa hiyo majira ya baridi anaishi chini ya meza ya jikoni, na juu yake inaning'inia taa ya joto na nyingine ya mionzi kama ya jua, maana bila mionzi hiyo mifupa na gamba vinalainika. Kiangazi, bibi anaamka saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijakasirika, anambeba mpaka kwenye kipande cha ardhi nyuma ya trela, kipana kama vitanda viwili hivi, alikompandia nyasi na maua ya hibiskasi. Anamkatia vipande vya dungusi kakati, ile mimea yenye majani kama sahani za miba, na miba anaichoma kwanza kwenye jiko la gesi. Chakula cha mbwa hapana, maziwa hapana, matunda matamu hapana. Saa mbili anamrudisha ndani. Anamweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni, dakika ishirini, ili anywe. Halafu anamfuta. Pancho ana kilo nne na ushee. Bibi mwenyewe anatembea na fimbo. Hebu piga hesabu.

Mimi hayo yote niliyaona kwa jicho la mtu aliyefaulu mtihani wa maadili. Alhamisi ya tatu, niliona risiti ya daktari wa wanyama imebandikwa kwenye friji: zaidi ya dola 300, kwa ajili ya eksirei na dawa. Dola 300! Kwetu Mbinga hiyo ni pesa ya kufanya kikao cha ukoo. Nikameza mate, nikasali naye vizuri, nikampa Komunyo, na baada ya sala ya shukrani nikafungua mdomo. Nikamwambia kwa upole, ule upole wa mtu anayejua yuko sahihi, kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatufundisha kuwatendea wanyama wema, lakini pia inasema haifai kutumia kwa ajili yao pesa ambazo kwanza zingeondoa taabu za watu, na kwamba upendo unaowastahili watu peke yao tusiupeleke kwa wanyama. Namba 2418. Namba nilimtajia pia, jamani.

Bibi hakukasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Bibi yako yupo hai?" Nikasema yupo. "Ana meno?" Nikasema nadhani amebakiza machache. "Sasa anakula nini?"

Nikanyamaza. Sikujua. Bibi yangu mzaa baba, aliyenilea tangu nina miaka minne, aliyeuza kahawa yake ninunuliwe sanduku la kwenda seminari ndogo: sikujua anakula nini. Nilikuwa najua Pancho anakula nini Jumatatu mpaka Jumapili.

Nikaaga nikaondoka. Ningependa kuwaambia kwamba siku hiyohiyo nilipiga simu nyumbani. Sikupiga. Nilichukia kwanza. Nilijiambia bibi huyu amekwepa hoja. Kwenye darasa la mantiki tulifundishwa kwamba kumgeuzia kibao msemaji hakuvunji hoja yake, na kweli, hoja yangu haikuvunjika. Katekisimu haijakosea. Januari 2022 Papa Fransisko alisema waziwazi kwamba watu kukataa watoto wakajaza nafasi hiyo kwa mbwa na paka ni namna ya ubinafsi, na maneno yale yaliwaudhi wengi, lakini ukikaa miezi mitatu Marekani unaona alikuwa anaongea na nani. Nimeona mbwa akisukumwa kwenye kigari cha mtoto. Sitanii.

Lakini kuna kitu kilinisumbua. Wiki iliyofuata mtoto wake wa kike alinipigia kutoka California. Kumbe alikuwa amemwomba mama yake ahamie kwake, na mama anasitasita kwa sababu ya Pancho: sheria ya Arizona hairuhusu kumtoa kobe huyu nje ya jimbo. Halafu akaniambia jambo lingine. Mama yake alipaswa kubadilisha miwani tangu mwaka uliopita, na kila mwezi anaahirisha. Ndiyo maana kitabu chake cha novena nilikiona kina lenzi ya mkono juu yake. Hapo namba 2418 iliniuma kweli, lakini kwa namna ambayo sikuitarajia. Nilimhukumu kwa ajili ya maskini wa kufikirika, wale wa "watu wanalala njaa", wakati mwenye haki ya kwanza juu ya zile dola alikuwa amekaa mbele yangu na macho yake hayaoni. Nilikuwa na kanuni sahihi mkononi, na sikuangalia ni nani aliyekuwa mezani.

Alhamisi ya mwisho ya Julai mvua za msimu zilikuwa zimeanza. Jangwa likilowa linatoa harufu fulani ya kichaka chao kimoja, kali kama dawa, na bibi alikuwa amefungua madirisha yote ili iingie. Baada ya Komunyo akaniambia daktari wa wanyama amempa chaguo. Anaweza kumchoma Pancho sindano, asisikie chochote. Yeye mwezi wa nane anahamia kwa binti yake, ameshakubali. Ofisi ya wanyamapori ya jimbo ina mpango wa kuwatafutia kobe walezi wapya, lakini nani atamtaka mzee, mgonjwa, wa kuogeshwa? "Mwanangu," akasema, "ni sawa?"

Nikajibu: "Si dhambi, bibi." Na nikaeleza. Uhai wa binadamu hauko mikononi mwetu, mgonjwa wetu hatumkatishii maisha hata akiteseka namna gani. Mnyama siyo nafsi, na kumfupishia mateso mnyama aliyefika mwisho Kanisa halikukatazi. Yote kweli. Ningepata alama zote.

Akanitazama, akafunika mshumaa kwa kidole na gumba. "Hilo nalijua. Katekisimu nilifundisha miaka 22."

Wapendwa, nadhani sisi vijana Wakatoliki tuna ugonjwa huu, na mimi ni mgonjwa mkuu. "Frateri, ni dhambi?" Kunywa bia mbili, kutazama muvi fulani, kutokwenda jumuiya, kutopokea simu ya mama. Tukiambiwa si dhambi, faili limefungwa. Ni swali halali, na ni lazima liulizwe, kwa sababu zipo dhambi kwelikweli. Ila linakuonyesha mpaka wa shamba tu. Halikuambii upande nini ndani. Yule bibi alikuwa ameniuliza anadaiwa nini, na mimi nikamwambia kwamba polisi hawatakuja.

Kwa hiyo nilirudi chumbani nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzoni: nikafikiri. Mtakatifu Thoma wa Akwino anasema, kwa maneno yangu, kwamba wajibu wetu kuhusu wanyama ni kwa sababu yetu zaidi kuliko kwa sababu yao: anayezoea ukatili kwa mnyama atauhamishia kwa mtu, na anayezoea huruma vilevile. Papa Fransisko kwenye waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015 anaenda njia inayofanana na hiyo, na kuongeza kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele za Mungu, hata kama hakitufai kitu. Immanuel Kant, ambaye mliosoma falsafa mnamjua na wengine hamjapoteza usingizi kwa kutomjua, anatoa mfano wa mbwa mzee: amekutumikia kwa uaminifu, sasa hawezi tena, basi mtunze mpaka afe, kwa sababu utumishi wake unafanana na ule ambao kwa binadamu tungesema unastahili malipo.

Mfano mzuri. Lakini Pancho hajawahi kumtumikia mtu. Hakulinda nyumba, hakubeba mzigo, hakukamata panya hata mmoja. Sina uhakika kama anamjua bibi au anajua tu kwamba mikono hii inakuja na maua. Kwa mizani ya Kant kobe huyu hana pensheni. (Nilifarijika kidogo kukumbuka mbwa wa Tobia katika kitabu cha Tobiti. Anaondoka na Tobia safarini, anarudi naye, na katikati hafanyi lolote. Mwandishi mtakatifu hakuona haja ya kumpa kazi.)

Basi deni linatoka wapi? Nikafikiri juu ya ile kofia. Mtu alimwinua kiumbe kutoka mahali pake, kwa upendo, ili watoto wafurahi. Sitaki kumhukumu marehemu. Lakini tangu siku ile Pancho hawezi kurudi. Siyo tu kwamba sheria inakataza kumwachia porini. Inakataza kwa sababu nzuri, maana kobe wa kufugwa anaweza kubeba ugonjwa wa njia ya hewa ukawamaliza wa porini, na mwenyewe hajui shimo liko wapi wala maji yako wapi. Thoma, anapozungumzia haki, anafundisha kwamba aliyechukua lazima arudishe, na pale kitu chenyewe kisiporudishika, afidie kadiri inavyowezekana. Anazungumzia watu, najua, na mwalimu wangu angenikata alama hapa. Lakini nilianza kuona lile beseni la kila asubuhi kwa namna nyingine. Shimo, mvua, madimbwi ya Julai, vyote hivyo alinyang'anywa. Bibi hana jangwa la kumrudishia. Ana jiko lenye upana wa hatua tatu, taa mbili, na maji ya uvuguvugu. Anarudisha kwa sehemu, kwa kijiko, kila siku, deni ambalo hata hakulikopa yeye.

Na nilipofika hapo nikakumbuka ule mfano ambao nabii Nathani alimpelekea Daudi baada ya kumchukua mke wa Uria na kumwua Uria mwenyewe. Tajiri ana mifugo tele, maskini ana kondoo jike mmoja tu, mdogo, anayekula tonge lake, anayenyweshwa kikombe chake, anayelala kifuani pake kama binti. Tajiri anamchinja huyo kumpikia mgeni. Nimesikia mahubiri mengi juu ya Daudi katika mfano huo, na hata moja juu ya maskini yule. Kumbuka hali yake: nyumba finyu, watoto ndani, tonge lenyewe la kugombania, na bado analigawa na mnyama. Nathani angeweza kutia neno la kumkemea. Mimi ningetia, na namba. Lakini hadithi nzima inasimama juu ya sisi kukubali kwamba upendo ule wa maskini ulikuwa kitu halisi na kwamba kuuchukua ni wizi. Daudi mwenyewe, kabla hajajua anahukumiwa yeye, anadai kondoo alipwe mara nne.

Sasa simu ya nyumbani. Nilipiga Jumapili iliyofuata, na safari hii sikuuliza "Hamjambo, mnaendeleaje" ya dakika tano.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

"Nimekula. Wewe bibi, unakula nini siku hizi?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kisha akacheka. "Uji. Ugali umenishinda, meno yamekwisha. Nani kakutuma kuuliza?"

Nikamweleza habari za Pancho. Nilitegemea aseme Wazungu wana vituko. Alichotaka kujua ni kama maji ya beseni yanapashwa moto kila siku au siku za baridi tu. Binti wa baba mdogo, ambaye ndiye anakaa naye, akachukua simu na kutoka nje. Akaniambia, bila kulalamika, kwamba bibi hawezi tena kusimama bafuni. Anamshika kwa mkono mmoja na kumwogesha kwa mwingine, na mwezi uliopita walianguka wote wawili. Ana miaka 19. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kazi hiyo. Mimi nilikuwa na wito, wajomba walikuwa na mashamba, yeye alikuwa amemaliza kidato cha nne. Nikauliza kinahitajika nini. "Kiti tu, kaka. Cha plastiki, chenye mikono. Na mtu wa kunipokea hata siku mbili kwa wiki, nipumue."

Kiti kilinunuliwa kesho yake kwa pesa niliyoituma. Ile ya siku mbili kwa wiki imechukua vikao na maneno, na haijakaa sawa mpaka leo. Mtu anayekwenda kuwa padre anaambiwa mengi juu ya kuacha baba na mama kwa ajili ya Injili. Ni kweli, na nimeacha. Lakini nikitazama vizuri, mengine sikuyaacha kwa ajili ya Injili. Niliyaacha kwa dada yangu mdogo.

Mnataka kujua ya Pancho. Bibi aliamua kutomchoma sindano. Sikumshauri; safari hii niliuliza tu kama naweza kusaidia kutafuta, na paroko akatangaza mwisho wa Misa, watu wakacheka kidogo. Alipatikana mzee mmoja wa kwaya ambaye kobe wake alikufa, na shimo lake bado lipo chini ya mti uani. Sheria inaruhusu kumpa mtu kobe ndani ya Arizona, mradi usimwuze. Alikuja mara tatu kujifunza: beseni, taa, dungusi kakati. Aliandika kila kitu kwenye daftari. Binti yake bibi alilipia miwani, na bibi akaivaa siku hiyohiyo ili, alisema, amwone vizuri yule mzee na amjue ni mtu wa namna gani.

Siku ya kumhamisha mimi nilikuwa mpakataji. Bibi alikaa mbele, mimi nyuma na boksi mapajani. Aliniagiza mambo mawili: nisiinamishe boksi, na nisiongee sana. Tulikwenda pole pole kama maandamano ya Ekaristi, magari yakitupigia honi. Karibu na kituo cha mwisho dereva alikanyaga breki kwa ajili ya mbwa, boksi likayumba, na Pancho akamwaga akiba yake yote ya maji. Miezi mingapi ya maji sijui. Suruali yangu nyeusi, ile ya Misa, ikalowa mpaka soksi.

"Amekojoa?" bibi akauliza bila kugeuka.

"Amekojoa, bibi."

"Basi akifika tu, beseni kwanza."

Alishuka akapita moja kwa moja na fimbo yake mpaka jikoni kwa mzee wa watu, akafungua bomba, akaweka kiwiko kupima joto. Yule mzee akasimama kando na daftari lake. Mimi nilibaki mlangoni nikinuka, boksi mkononi, nasubiri maji yawe tayari. Jioni nilipopiga simu Mbinga kulikuwa tayari kumekucha, na bibi yangu hakunisalimia hata. "Amekunywa?" akauliza.